Nilivyoigawa Kwaya ya Mama kwa Kanuni za Histoni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachonipandisha haraka kama mtu kuniuliza, "Sasa hiyo unasoma itakusaidia nini?" Nimeulizwa hivyo na mkuu wa shule ninakofundisha biolojia. Nimeulizwa na dereva wa lori la mchanga aliyenipa lifti kutoka Kiritiri. Nimeulizwa na mwanamke wa sokoni aliyekuwa akinipimia ndengu huku kiwiko chake kimeegemea mizani, nikalipia na kiwiko. Wakati huo nilikuwa nafanya shahada ya pili huko Embu, nikihudhuria masomo shule zinapofungwa, na nilichokuwa nasomea ni jinsi histoni zinavyorithiwa seli inaponakili DNA yake. Ukisema hivyo mbele ya watu wanakutazama kwa huruma, kisha wanakuuliza kama umeolewa.

Mtu mmoja tu aliniuliza swali hilo kisha akakaa kusikiliza jibu, na huyo alikuwa mama yangu. Alikuwa na sababu zake.

Mama aliongoza kwaya ya akina mama ya kanisa letu la Kiritiri kwa zaidi ya miaka ishirini. Hajui nota hata moja. Anachojua ni nani ana pumzi ndefu, nani akikaa na nani watacheka katikati ya zaburi, na nani amekuja mazoezini akiwa amegombana na mumewe, maana sauti ya huyo hupanda kabla ya wengine. Wanawake walikuwa thelathini na wawili, na walikuwa na wimbo wao ambao mama mwenyewe aliutunga kwa Kimbeere, mistari kumi na miwili tu, usioimbwa mahali pengine popote. Waliosinzia wakati wa mahubiri waliamkia wimbo huo.

Nyumbani tunaongea Kimbeere, lakini mama akitaka kunionyesha kwamba hata yeye anaweza kubishana na msomi huhamia Kiswahili chake cha sokoni, na ndicho nitakachokiandika hapa kama alivyokisema. Nimepewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo akifurahi nami huniita "mama", na akikasirika huniita "mwalimu". Mwaka huo niliitwa mwalimu mara nyingi sana.

Basi kanisa likakua, likajenga tawi Gachoka, na kamati ikakutana kuamua Gachoka wataimbaje. Mwenyekiti wa kamati ni mwalimu mkuu mstaafu, ndiye aliyenifundisha hesabu darasa la saba. Ni mtu mzuri. Naliweka hilo mapema kwa sababu nitamsema sana. Tatizo lake ni kwamba anaamini karatasi. Nyumbani kwake ana faili la kila mbuzi.

"Kitu ambacho hakijaandikwa hakipo," akasema siku hiyo. "Tutaandika maneno, tutaandika nota, kila mwimbaji apate nakala yake. Kwaya ya Kiritiri ibaki kama ilivyo, na Gachoka waanze upya na nakala zao. Na kwa kuwa tunaingia kwenye nota, kiongozi wa kwaya zote mbili awe mtu anayezisoma. Mama yetu ametumika sana. Sasa apumzike."

Wajumbe wakapiga makofi. Kwetu ukipigiwa makofi ya namna hiyo huwa kuna blanketi nyuma yake, na kweli mama akapewa blanketi. Alifika nalo nyumbani, akamtandikia mbuzi aliyekuwa amezaa asubuhi, kisha akaketi kupepeta ndengu kwa nguvu ambayo ndengu hazikuwa zimeistahili.

"Wakininyang'anya hiyo kwaya," akaniambia, "Jumamosi mimi nitakuwa nafanya nini? Nitakaa hapa tunaangaliana na mbuzi?"

Nilitaka kumwambia apumzike kweli, maana magoti yake yalikuwa yameanza kulalamika. Nikamtazama usoni nikaacha. Sikuwahi kumwona mama akiogopa kitu, hata nyoka, na jioni hiyo alikuwa anaogopa Jumamosi.

Mwenyekiti hakupoteza wakati. Wiki mbili baadaye kwaya mpya ya Gachoka ilikuwa imepatikana, wanawake wote wageni kwenye kuimba, kila mmoja na nakala yake iliyopigwa chapa. Tulialikwa kuwasikiliza. Waliuimba wimbo wa mama neno kwa neno, hawakuruka hata silabi moja, na ulikuwa kama mazishi ya mtu aliyekuwa hapendwi. Walishika karatasi mbele ya nyuso zao, kwa hiyo tuliimbiwa na karatasi. Mwenyekiti alipiga makofi peke yake, kisha akavua miwani akaifuta, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani.

Njiani kurudi ndipo mama aliponiuliza lile swali.

"Hiyo kitu unasoma Embu," akasema, "itakusaidia nini?"

Nilikuwa nimefungua mdomo kukasirika. Lakini nilikuwa nimetoka kuyaona masomo yangu yakiimbwa vibaya na watu thelathini, kwa hiyo nilimwambia ukweli. Nikamwambia kwamba ndani ya kila seli kuna uzi mrefu sana, DNA, na maneno yote ya mwili yameandikwa humo. Uzi huo haukai hivihivi. Umezungushwa karibu mara mbili kwenye kibonge cha protini, halafu kwenye kibonge kingine, na kingine, vibonge vingi mno, na protini hizo ndizo histoni, nane katika kila kibonge. Histoni zina mikia midogo, na kwenye mikia kuna alama zinazosema hapa pasomwe, hapa pafungwe. Seli ya ini na seli ya jicho zina uzi uleule wenye maneno yaleyale. Kinachofanya ini lisijaribu kuona ni hizo alama.

"Kwa hivyo maneno peke yake haitoshi," mama akasema.

"Haitoshi."

"Ungeambia mwenyekiti hivyo."

"Ndio nasomea, mama, ili nimwambie mtu."

Tukapita mashamba ya mtama. Kisha akauliza, "Na seli ikizaa? Hiyo uzi ikitolewa nakala, hizo vibonge za zamani zinaenda wapi? Zinabaki kwa mzee ama zinaenda na mtoto?"

Nasema kweli, sijawahi kuulizwa swali zuri hivyo hata na wasimamizi wangu wa Embu. Nikamweleza kwamba hakuna mzee na mtoto. Uzi ukifunguliwa ili unakiliwe, vibonge vinang'olewa mbele ya mashine inayonakili, na vinagawanywa kwenye nyuzi mbili zinazotoka, nusu huku na nusu kule, bila kupendelea. Mapengo yanajazwa na histoni mpya ambazo bado hazina alama zile. Kwa hiyo kila uzi unapata wazee wachache waliotawanyika, na wageni katikati yao.

"Na hiyo mgeni anajuaje alama?"

"Anakaa karibu na mzee. Kuna kimeng'enya kinakuja, kinasoma alama kwa mzee, halafu kinaandika hiyohiyo kwa jirani."

Mama akasimama barabarani. Bodaboda mbili zikatupigia honi.

"Na hiyo ndio unasomea miaka mbili?" akasema. "Mwalimu, hiyo mtu yeyote amefundisha kwaya anajua."

Nilikasirika mpaka nyumbani. Lakini usiku nilipotulia nikachukua karatasi nikachora mabenchi ya kanisa la Gachoka, na asubuhi nikampelekea mwenyekiti. Nilimwomba tusiiache kwaya ya Kiritiri nzima upande mmoja. Tuigawe katikati, kumi na sita wabaki na kumi na sita waende Gachoka, wakae wametawanyika, na kila pengo, huku na kule, lijazwe na mgeni. Hakuna nakala. Nikataja histoni mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mwenyekiti alinisikiliza kama alivyonisikiliza darasa la saba nilipomwambia mbuzi amekula kitabu changu cha hesabu. Kisha akatoa sharti. Askofu angekuja kulibariki kanisa la Gachoka baada ya wiki nane. Siku hiyo kwaya ya Gachoka iimbe wimbo wa mama bila karatasi na bila kiongozi mbele, kwa sababu kiongozi mmoja hawezi kusimama Kiritiri na Gachoka Jumapili ileile. Wimbo ukisimama, nota zitarudi kabatini na kwaya zote mbili zitakuwa za mama. Ukianguka, atachukua mtu wa nota, na mama atapumzika bila maneno mengine.

Mama alikubali kabla sijamaliza kumweleza. Mimi nikakubali pia, na shahada yangu yote, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kulikuwa na nini ndani ya sharti lile.

Kuigawa kwaya kulichukua Jumamosi nzima. Nilikuwa na orodha, kalamu nyekundu na kujiamini. Niliita mmoja Kiritiri, mmoja Gachoka, mmoja Kiritiri, mmoja Gachoka, mpaka nikafika kwa wanawake wanne wa sauti ya pili waliokuwa wameketi pamoja mwishoni. Hao wanne waliolewa mwaka mmoja kwenye maboma yanayopakana. Huchota maji pamoja, huenda kliniki ya presha pamoja, na nimewahi kuwaona wakisubiri mmoja wao amalize kupiga chafya ili waendelee na safari.

"Wewe Gachoka," nikamwambia wa kwanza. Wote wanne wakasimama.

"Nimesema mmoja."

"Tumesikia," wakasema, na wote wanne wakaenda upande wa Gachoka na vikapu vyao.

Nilipandisha sauti. Nilisema mambo kuhusu mpangilio na haki. Walinitazama kwa subira ya watu wanaosubiri mvua ipite. Kisha nikakumbuka kwamba ukurasa wa kumi na nne wa tasnifu yangu ulikuwa unasema jambo hilohilo. Katika kile kibonge chenye histoni nane, nne za katikati huhama zikiwa zimeshikana, wala hazitenganishwi kirahisi. Ni zile nne nyingine zinazoachana mbilimbili na kujichanganya na wageni. Nilikuwa nimeandika hivyo mwenyewe na kupewa alama nzuri. Nikafuta jina kwa kalamu nyekundu, nikawapeleka wote wanne Gachoka, na Kiritiri nikawaongezea wengine badala yao. Mama, aliyekuwa ameketi nyuma akinitazama nikitoka jasho, alisema tu, "Hao mimi sijawahi kujaribu kutenganisha."

Jambo la pili nililojifunza ni usindikizaji. Katika seli histoni haiachwi itembee peke yake, kwa sababu ikiachwa inanata kwa chochote inachokutana nacho. Kuna protini maalumu zinazoishika mkono kutoka hapa mpaka pale. Mimi niliwaambia wale kumi na sita wafike Gachoka saa nane kila mtu kwa njia yake. Walifika watano. Wengine walinata sokoni Kiritiri: mmoja kwa sufuria, wawili kwa bei ya mawele, na wanane kwa hadithi ya ugomvi iliyokuwa haijafika mwisho. Kuanzia hapo nilikodi pikapu, nikakaa nyuma pamoja nao, na sikumruhusu yeyote kushuka mpaka tufike.

Mazoezi yakaanza. Mama alikuja mara mbili za kwanza kuonyesha njia, kisha akaacha, maana sharti lilitaka wazoee kuimba bila kiongozi mbele. Akawa anabaki Kiritiri, na mimi nikawa nampelekea habari.

Habari za mwanzo zilikuwa mbaya. Mwimbaji mmoja wa zamani, mwenye sauti ya kwanza nzuri kuliko wote, ana nyonga inayomsumbua, kwa hiyo akisimama huegemea kushoto. Jumamosi ya tatu niligundua kwamba wageni wawili waliokaa karibu naye wanaegemea kushoto. Jumamosi ya nne benchi lote lilikuwa limeegemea kushoto. Benchi la pili kulikuwa na mwenzao aliyeng'olewa meno ya mbele, ambaye hufunika mdomo kwa leso akifika kwenye neno lenye "th". Sasa wageni watano wenye meno kamili, meupe, ya kuringia, walikuwa wanafunika midomo mahali hapohapo. Niliwauliza kwa nini.

"Si ndio wimbo?" akasema mmoja.

Nilimfikishia mama habari hizo kama mtu anayeripoti ajali. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wacha waegemee," akasema. "Mtu mwenye anaangalia mpaka kiuno, hiyo wimbo ataishika. Mimi nilikuwa naogopa wataangalia mdomo peke yake."

Lakini palikuwa na pengo ambalo sikumwambia. Katikati ya benchi la tatu nilikuwa nimewaketisha wageni wanne mfululizo bila mzee hata mmoja. Haikuwa katika mchoro wangu. Mwimbaji wa zamani aliyepaswa kukaa hapo alikataa, kwa sababu mgeni wa upande wa kulia alitoka kwenye nyumba iliyowahi kuachia mbuzi wao kwenye kunde zake, na akahamia mwisho wa benchi. Nilijua kutoka vitabuni kwamba wazee wakikaa mbali sana alama haivuki. Niliuona ule mwanya nikasema watajifunza tu, maana nilikuwa nimechoka kupatanisha watu na mbuzi.

Wale wanne, kwa kukosa wa kumtazama, walijitafutia. Mmoja alikuwa na wimbo fulani kwenye simu, wa madoido, sauti ikizungukazunguka kabla ya kutua. Wakaanza kuuzungusha mstari wa tano. Jumamosi iliyofuata jirani zao wa kushoto wakauzungusha pia. Ilikuwa inaenea. Na Jumamosi hiyohiyo, bila taarifa, mwenyekiti akaingia, akaketi nyuma, akatoa daftari lake. Walipofika mstari wa tano nusu ya kwaya ilienda kwa mama na nusu ikaenda kwenye simu. Wakagongana, wakanyamaza. Mwenyekiti akaandika. Sijui aliandika nini, lakini aliandika kwa muda mrefu kuliko kosa lenyewe.

Niliogopa, na nilikuwa na haya, kwa sababu kama mama angepoteza kwaya ingekuwa kwa mkono wangu na mchoro wangu. Nilipofika nyumbani nilimwambia yote, pamoja na lile pengo nililolificha.

Nilingoja aniite mwalimu. Badala yake akauliza, "Huyo wa kunde, alisema mbuzi ilikula mistari mingapi?"

"Sikumuuliza."

Mama akajifunga leso, akatoka. Alirudi giza likiwa limeingia, akaniambia huyo wa kunde atakaa mahali pake Jumamosi. Hakunieleza walichoongea, ila asubuhi niliona kwamba katika kundi letu mbuzi jike mmoja hakuwepo.

Kukaa kwake pale hakukutibu mambo siku hiyo. Katika seli pia, vibonge vyote huwa vimekwisha kupangwa upesi nyuma ya mashine inayonakili, lakini alama hurudi polepole. Nyingine hukawia mpaka seli ikaribie kugawanyika tena. Mimi nilitaka irudi Jumamosi moja. Mwimbaji wa kunde alikaa katikati ya wale wanne, kwanza akiwa amenuna, akaimba mstari wa tano kama mama, mara moja, mara kumi, bila kumwangalia mtu. Wiki ya saba wawili waliacha madoido. Wiki ya nane, Jumamosi ya mwisho, wa simu mwenyewe alianza kuzungusha, akajisikia yuko peke yake, akarudi chini. Nilitoka nje nikalia kidogo nyuma ya choo, kisha nikarudi nikawakemea kwa kuchelewa.

Siku ya askofu Gachoka ilijaa. Mama alikuwa ameketi mbele na wageni wa heshima, na mikono yake ilikuwa haijui ikae wapi. Aliikalia. Mwenyekiti aliketi upande wa pili na daftari kwenye goti. Kwaya ikasimama, ikaegemea kushoto, na hapakuwa na mtu mbele yake, sakafu tupu tu ya saruji mpya.

Walianza. Sitasema waliimba kama Kiritiri, kwa sababu kulikuwa na leso nyingi mdomoni kuliko kawaida na askofu alionekana akijiuliza kama kuna harufu. Lakini kila mmoja alikuwa amemshika jirani kwa sikio, na wimbo ulipita kutoka benchi hadi benchi kama ulivyokuwa ukipita Kiritiri tangu nikiwa msichana, mpaka mwisho. Mstari wa tano ulitua mahali pake. Waliokuwa nyuma wakaanza vigelegele kabla ya wakati. Mwenyekiti akafunga daftari, akainuka mbele ya watu wote, akavuka kanisa akampa mama mkono.

"Umenishinda," akasema. "Nota zinarudi kabatini. Kwaya ni zako."

Ni mtu mzuri, nilishasema.

Nilimfuata mama nje wakati wa matangazo, nikitarajia kucheka naye. Alikuwa amesimama kando ya tangi la maji, uso umemshuka.

"Waliimba vizuri," nikasema.

"Sana."

"Sasa ni nini?"

"Hawakuniangalia," akasema. "Hata mara moja. Wale wangu wa Kiritiri pia, leo wameimba huko bila mimi, nimepigiwa simu, wanasema imekuwa sawa." Akapangusa kitu kwenye tangi ambacho hakikuwepo. "Nimeshinda kwaya mbili, mama. Sasa mimi nitasimama wapi?"

Nilifikiria ule mchoro wangu, mabenchi yote, misalaba ya wazee na miduara ya wageni. Nilikuwa nimemweka kila mtu. Mama sikuwa nimemchora popote, wala hakuna aliyegundua, wala yeye. Nikamshika mkono.

Ndani tukasikia askofu akiomba kwaya iurudie wimbo ule ikiwa imeketi, wakati wa matoleo. Mama akauvuta mkono wake, akaingia. Nilidhani anarudi kwenye viti vya heshima. Akavipita. Kwenye benchi la tatu palikuwa na nafasi, mgeni mmoja alikuwa ametoka na mtoto, na mama akajibana pale kati ya wageni wawili, aimbe kwa mara ya kwanza bila kuongoza. Wa kulia alikuwa msichana aliyejiunga mwishoni kabisa, mtu wa Gachoka, ambaye hakuwahi kumwona mama akiongoza. Alisogea kidogo kumpa nafasi mwanamke mzee.

Wimbo ulipofika mwisho wa mstari wa tisa ukanyamaza. Wimbo huo hunyamaza hapo siku zote, kwa kiasi cha pumzi mbili. Baba alifariki mama akiwa bado anauzoeza na kwaya, na Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi sauti ilimkatikia mahali hapo. Wenzake hawakuendelea bila yeye. Walimngojea mpaka akaweza. Jumamosi iliyofuata wakangoja tena, wakawa wanangoja, na yeye mbele akawa anainua mkono kwa mazoea tu. Miaka mingi imepita, na koo lake halifungi tena hapo. Siku hiyo, bila mkono wa kuinua, mama alipitiliza. Akafungua mdomo aanze mstari wa kumi.

Msichana wa Gachoka akamwekea mkono kwenye goti.

"Mama, bado," akamnong'oneza. "Hapa tunangoja."

Mama akamtazama. Kisha akafunga mdomo, akangoja pamoja nao.